Mawe Yaliyoamka

Kazi ya Delfina Arocha ilikuwa kuondoa subira. Wawindaji hukaa saa tatu nzima nyuma ya pikapu, baridi inawatafuna masikio, wanaipekua nyika kwa darubini ya joto, inayoona moto wa mwili gizani; halafu mnyama anatokea, mlio mmoja, chini. Anayetazama kwenye simu akiwa amejilaza kitandani hana haja na zile saa tatu. Anataka mnyama, mlio, chini. Basi kila asubuhi Delfina aliketi katika nyumba ya bati nyuma ya ofisi ya Royce Tackett, nje kidogo ya mji wa Palo Hueco, Texas, akikata video. Alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na kazi hii hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kubonyeza na kuharibu, kama alivyojifunza kila kitu maishani.

Tackett aliwaleta wateja kutoka Dallas na Houston, akawauzia usiku. Delfina aliugeuza usiku huo kuwa video, na video zikawavuta wateja wengine. Na aliyekesha nao, aliyebeba mitambo na kuwaambia pa kulenga na wakati wa kufyatua, alikuwa Servando, mdogo wake Delfina, tumbo moja.

Jumatatu alikuwa amekata video ya koyote, yule mbwa-mwitu mdogo wa nyika za kule. Tackett mwenyewe aliipa jina, koyote mkubwa kuliko wote wa msimu huu, na kufikia Jumatano ilikuwa imetazamwa mara laki tatu. Tackett alipita dirishani akapiga kioo kwa pete yake. Hiyo ndiyo ilikuwa asante yake.

Jumatano hiyo hiyo, karibu na saa sita mchana, don Cuco alibisha mlangoni.

Don Cuco Luna, 'don' kwa heshima ya umri wake, alikuwa mchungaji wa mbuzi wa Bwana Prentiss, upande wa pili wa ua wa waya. Alikuwa na miaka sabini na moja, na arobaini na minne kati ya hiyo ameimalizia katika nyumba ya mawe iliyo kando ya zizi. Nyumba yenyewe si yake. Kwa kawaida ya nchi ile, paa linafuata kazi: kazi ikikatika saa nne, saa tano wewe uko barabarani na kitanda chako.

"Hodi, mwanangu."

"Karibu, don Cuco. Ingia, kahawa bado ya moto."

"Kahawa sikatai. Ila nimekuja kuomba trela. Ile ya Servando ya kubebea kuni."

"Kuni za nini mwezi huu? Mbona rundo lako limefika dirishani?"

"Sibebi kuni. Najibeba mwenyewe."

Alicheka peke yake. Delfina alimsogezea kiti.

"Obispo hayupo," mzee akasema. Obispo, yaani Askofu, alikuwa mbwa wake, jitu jeupe la manyoya mengi lililozaliwa zizini na kukua na mbuzi, likalala nao na kula mbele yao. Aliitwa hivyo kwa weupe wake na kwa mwendo wake, taratibu, kama anayebariki watu. "Tangu Jumapili usiku. Siku tatu naliita bonde zima mpaka sauti imekwisha, unaisikia? Na koyote si wajinga. Wameona mlinzi hayupo, wamejikaribisha. Vitoto kumi na kimoja, Fina, kwa usiku mbili."

"Na Prentiss?"

"Kaja asubuhi. Kageuza mizoga kwa ncha ya kiatu. Kaniambia, 'Cuco, mbwa aliyeshiba haachi mbuzi wake. Ulimpunja, akaenda kujitafutia.' Mimi! Mimi ninayekula maharage makavu ili mbwa yule apate mayai! Jumamosi niwe nimetoka." Alikiweka kikombe chini kwa uangalifu, kama kitu cha kuazima. "Kuhama nitahama. Nitakwenda kwa binti yangu Uvalde, nilale sebuleni na televisheni yao. Lakini nitoke na sifa ya kushindisha njaa mbwa? Nitawatazama watu vipi?"

"Alikuwa na kola?"

"Ile pana ya rangi ya chungwa, inayong'aa taa ikiipiga. Nilimvalisha kwa sababu ya hawa hawa wawindaji wenu. Kipofu angeiona."

Delfina aligeuka akaitazama kompyuta. Wafugaji wote wa nchi ile huwavalisha mbwa wao kola za chungwa, na zamani, wawindaji walipotumia kurunzi, kola hizo ziliokoa mbwa wengi. Lakini darubini ya joto haijui chungwa wala haijui kung'aa. Inajua moto na baridi tu. Taa ziliachwa miaka sita iliyopita, na katika miaka hiyo yote hakuna hata mmoja wa akina Tackett aliyevuka ua kuwaambia wachungaji kwamba kola zao sasa ni utepe mtupu. Wangevuka kwa faida gani?

"Trela utaipata," alisema, bila kumwangalia mzee machoni. "Nitamwambia Servando."

Mzee alipoondoka, Delfina alifunga mlango kwa komeo, jambo asilozoea, akaitafuta kadi ya picha za Jumapili. Nakala nzima ilikuwepo. Hakuwahi kuitazama nzima, wala nyingine yoyote. Alikata kwa macho, sauti imezimwa, kwa sababu sauti ingefunikwa na muziki wa ngoma nzito anaoupenda Tackett. Alitafuta pale picha inaporuka kwa teke la bunduki, akabakiza sekunde tatu kabla na mbili baada. Zilizobaki zilikuwa takataka.

Safari hii alivaa visikizi, akatazama takataka.

Saa iliyoandikwa kwenye kona ilikuwa kumi na dakika kumi na mbili, alfajiri. Nyika ya kijivu, mialoni kama moshi. Ua wa waya ukapita katikati ya picha, mstari baridi, na ng'ambo ya ua madoa meupe thelathini au arobaini yamejilaza chini. Kati ya madoa, mnyama mmoja anatembea. Uso unawaka, masikio yanawaka, miguu inawaka, lakini kiwiliwili ni hafifu, chembamba. Yeyote angesema koyote. Ndivyo darubini inavyomsingizia mbwa wa manyoya mazito: manyoya yanafungia joto ndani, mwili unafifia, na jitu la kilo hamsini linaonekana kama mnyama aliyekonda kwa njaa. Ila shingoni mwa huyu palikuwa na mstari mweusi, mwembamba kama uzi. Kola, baridi kuliko mwili.

Sauti ya mteja, ya mtu asiyezoea kukesha: "Hayo meupe nyuma yake ni nini? Mbuzi?"

Sauti ya Servando: "Mawe. Mawe ya chokaa yanashika joto la mchana. Ukiwa tayari, piga."

Mlio. Mnyama akaanguka. Sekunde ya kwanza, ya pili; hapa ndipo Delfina alipokata Jumatatu. Picha ikaendelea. Na mawe yakaamka. Yaliinuka yote kwa mara moja, yakapata miguu, yakagongana, yakakimbilia gizani, na mawe madogo yakikimbia nyuma ya makubwa. Mteja alikuwa akishangilia, hakuona kitu. Kisha karibu kabisa na kinasa sauti, kwa Kihispania ambacho mteja hakukijua, Servando alisema, "Mama Bikira. Ni Obispo."

Delfina alivua visikizi. Servando ndiye aliyemfundisha habari ya mawe: katika usiku wa Februari, mawe humdanganya mtu mpaka saa sita, na kuanzia saa nane yamepoa kama kaburi. Saa kumi alfajiri hakuna jiwe linalowaka Texas nzima.

Servando aliamka saa nane mchana, kama watu wote wa kazi ile, akaja kula kwa dada yake. Alikuta maharage na mikate ya mahindi chini ya kitambaa, na kompyuta mezani imefunguliwa.

"Hiyo nini?"

"Mawe," alisema Delfina.

Servando alisimama na mkate mkononi. Alikuwa na miaka arobaini na miwili, na macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyetoka kwenye moshi.

"Zima, dada."

"Mawe ya saa kumi alfajiri, Servando? Unamwambia nani? Mimi?"

"Ulikuwa usiku wa saba mfululizo! Yule mtu alikuwa hajapiga kitu siku tatu, na Tackett kaniambia wazi, huyu akirudi mikono mitupu na wewe tafuta mikono yako kwingine. Niliona nilichotaka kuona. Unafikiri nilijua?"

"Kabla, sijui. Baada, ulijua. Umemtaja jina."

Servando akakaa.

"Yuko wapi?" Delfina aliuliza.

"Shimoni, tunapotupa nguruwe tunaowaua. Niliruka ua nikamburuta kabla jua halijatoka."

"Na don Cuco anamwita siku tatu."

"Nilimsikia." Alisema hivyo akiutazama mkate. "Jumatatu asubuhi upepo ulitoka kule. Nikaweka mto juu ya kichwa."

"Mungu wangu, na wewe ni binadamu!"

"Mimi ni mtu mwenye kesi! Au umesahau? Jaji alisema kosa moja tu la bunduki na naingia ndani miaka miwili. Na hii ni risasi iliyovuka ua wa mtu. Wanangu utawalisha wewe? Don Cuco ana binti Uvalde. Ana pa kwenda."

"Baba naye walimwambia ana pa kwenda."

"Ah, usianze na baba."

"Nitaanza naye na nitamaliza naye. Wewe hukuwepo, ulikuwa tumboni. Mwaka themanini na tatu alifukuzwa kwenye shamba la akina Hollis, kwa sababu alidai wakata manyoya ya mbuzi wapewe maji safi. Maji, Servando, si dhahabu! Vitanda vyetu vilinyeshewa barabarani siku mbili. Nani alikuja na gari kama si don Cuco? Nyumba ile ya mawe ililala watu tisa miezi kumi na mmoja. Kitovu chako kimezikwa nyuma ya zizi lile. Leo unamwambia mzee ana pa kwenda?"

Servando alisukuma sahani. Mlangoni aligeuka. "Fanya unavyotaka. Wewe ndiye mwenye kisu."

Kisu alikuwa nacho kweli, na usiku huo alikitumia. Alitengeneza nakala mbili. Moja nzima. Nyingine nzima pia, ila bubu. Alijiambia kwamba picha inatosha: ua unaonekana, saa inaonekana, mbuzi wanaamka. Mzee atasafishwa jina na mdogo wake hatatajwa. Nani atalaumiwa? Darubini. Wanyonge wana ugonjwa huu wa kutafuta haki isiyomuumiza mtu wao, na wenye mashamba wanaujua vizuri kuliko sisi.

Alhamisi aliipeleka ile bubu kwa Bwana Prentiss. Prentiss alimpokea barazani, hakumkaribisha ndani. Kijana wa miaka thelathini na tano, alimwita Delfina kwa jina tupu kama anavyoita watu wote wa upande wetu, mtoto au bibi. Lakini aliitazama video mpaka mwisho, na mbuzi walipoamka akaguna.

"Basi ni watu wa Royce."

"Don Cuco hakumshindisha mtu njaa."

"Naona. Mwambie nasikitika kwa mbwa wake."

"Umwambie mwenyewe, Bwana Prentiss. Na Jumamosi?"

"Jumamosi iko palepale." Alimrudishia kompyuta kwa adabu. "Delfina, mbuzi hawalipi. Wanakwenda mnadani mwezi ujao. Shamba lote nimemkodisha Royce kwa uwindaji tangu Krismasi. Ile nyumba ya mawe ataifanya ya wageni."

Tangu Krismasi! Delfina alisimama kwenye ngazi za baraza kama aliyepigwa kofi. Basi mbwa alikuwa kisingizio tu. Kama asingekufa mbwa, lingekuwa lango lililoachwa wazi, au bomba linalovuja, au uzee wenyewe. Na yeye alikuwa amebeba ukweli nusu, akaupeleka kwa mtu ambaye hata ukweli mzima usingemgusa.

Hakuwa amefika barabarani simu ilipolia. Tackett. Maneno mawili: arudishe funguo, na mdogo wake pia. Prentiss alikuwa amempigia kabla vumbi la gari lake halijatua.

Hakwenda nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya mawe. Don Cuco alikuwa akifunga masufuria kwa magazeti.

"Acha masufuria, don Cuco. Kaa."

"Trela imekuja?"

"Haijaja. Kaa, nakuomba."

Alimwambia kuhusu Krismasi kwanza, kwa sababu lilikuwa jepesi zaidi. Mzee alisikiliza huku akipangusa mikono kwenye suruali. Kisha Delfina alifungua kompyuta. Nakala zote mbili zilikuwa pale, jina moja juu ya jingine. Kidole chake kilisita. Angeweza kuonyesha ile bubu, na mzee angekufa akimbariki Servando, asijue kitu. Lakini alikuwa ameshakata mara moja, na alijua kisu kinapopita kinaacha nini.

Akafungua ile yenye sauti.

Don Cuco hakuelewa picha mara ya kwanza. Delfina alimwonyesha kwa kidole: huu ua, hawa mbuzi, huyu yeye. Mzee aliinama mpaka pua ikagusa kioo. Mlio ulipotoka alifumba macho. Kwa hiyo sauti ya Servando aliisikia gizani, vizuri, neno kwa neno.

Nje, mbuzi walikuwa wakilia njaa.

"Kalijua jina lake," mzee alisema.

"Ndiyo."

"Na mimi nikimwita."

"Alikusikia, don Cuco. Na mimi ndiye niliyeikata ile video. Watu laki tatu wamemcheka Obispo kwa mkono wangu."

Mzee alimtazama kama anayemwona mara ya kwanza. Hakumwambia 'si kitu, mwanangu', na Delfina alikuwa ameliomba neno hilo moyoni njia nzima.

"Rudisha nyuma," alisema. "Pale anapotembea."

Alirudisha. Walimtazama mbwa akitembea kati ya mbuzi, mara tano, mara sita, na kila mara Delfina alisimamisha picha kabla ya mlio. Mwishoni aliinakili ile yenye sauti kwenye kadi, akamwachia mzee.

"Sasa niambie wewe unayesoma," mzee akasema. "Wanaweza kunitoa hivihivi? Kwa mdomo?"

"Kwa mdomo hawawezi. Mpaka jaji aandike karatasi, na kabla ya karatasi lazima wakuite ukasikilizwe. Baba hakujua hilo. Walimtoa kwa mdomo."

Don Cuco akachukua sufuria la juu, akalifungua gazeti, akalirudisha jikoni.

Jumamosi, Delfina alikuwa amewapigia simu watu ishirini na watatu, wakata manyoya, wachungaji, wajane wa wachungaji. Walikuja kwa pikapu nne. Aliwajua waliokuja, na waliobaki nyumbani aliwajua kwa majina, naye hajawasahau mpaka leo. Prentiss alifika saa nne, akaikuta meza nje, watu wanakunywa kahawa, na pazia bado dirishani.

"Cuco, tulikubaliana."

"Ulikubaliana na Royce," mzee akajibu. "Mimi nilikuwa na mbuzi."

"Karatasi ya jaji iko wapi?" Delfina aliuliza.

"Delfina, usijiingize."

"Bibi Arocha. Na karatasi iko wapi?"

Prentiss aliwatazama wote, mmoja mmoja, kama anayewahesabu. "Mtaipata."

"Tutaisoma," alisema Delfina, na mtu mmoja mezani akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomrudisha Prentiss ndani ya gari lake. Hakikuwa ushindi. Walikuwa wamepata wiki tatu tu, pengine nne, mpaka jaji aandike.

Vumbi lake lilipopungua waliona gari jingine limesimama nje ya lango, injini inanguruma. Lilikuwa la Servando, na trela nyuma yake. Hakushuka. Delfina alikuwa amewaambia watu mezani yote, na hakuna aliyemnyooshea mkono.

Don Cuco alikwenda mwenyewe mpaka langoni, polepole. Delfina alimfuata hatua chache nyuma.

"Umeleta trela," mzee alisema.

"Dada alisema unaihitaji."

"Siihitaji tena. Zima gari."

Servando alizima.

"Sauti yako nimeisikia kwenye mashine. Nataka niisikie kwa mdomo."

Servando alishika usukani kwa mikono miwili. "Nilimuua Obispo, don Cuco. Nikamtupa shimoni. Nikakuacha unamwita."

"Ehe."

"Nipeleke kwa askari kama unataka. Ile sauti iko kwako."

"Iko kwangu," mzee alisema. "Itakaa kwangu. Nikilala na kuamka nikaona niitumie, nitaitumia, wala sitakuomba ruhusa. Usifikiri nimekusamehe."

"Sifikiri."

"Vizuri. Shuka. Nina mbuzi mia na tisini, majike saba wanazaa wiki hii, na koyote wanajua njia. Kuanzia leo unalala zizini mpaka nipate mbwa mwingine na akue. Mwaka mmoja, pengine na nusu, kama mnada hautawachukua kwanza."

Servando alimtazama dada yake. Delfina hakumsaidia hata kwa jicho.

"Zizini," alisema Servando. "Na bunduki je?"

"Obispo hakuwa na bunduki," alisema don Cuco, akamfungulia lango.